Mwanetu ana sindromu ya Down: tulivyoacha kumficha, tukaanza kuzunguka kuelimisha watu

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita mtu ninayemheshimu aliniuliza, kwa upole kabisa, "Hivi huyu mtoto alipona lini?" Hakuwa na nia mbaya. Alimkuta kitinda mimba wetu akijifunga mwenyewe vifungo vya shati, akadhani ule "ugonjwa" umekwisha. Nikajua kazi bado ipo.

Mwanetu ana miaka 9 na ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kujifunza. Nyumbani tuko watano: yeye, dada yake wa miaka 15, mama yake, bibi yake na mimi. Mwaka wa sita huu tunazunguka kuelimisha watu, kliniki za wajawazito, shule, nyumba za ibada, popote tunapopewa dakika ishirini. Hatuna ofisi wala mfadhili. Nimeona niandike tunavyofanya, kilichotufaa na kilichotushinda, huenda ipo familia inayotaka kuanza na haijui ishike wapi.

Siku aliyozaliwa mama yake alikuwa na miaka 26. Mhudumu alimpokea mtoto, akakigeuza kiganja chake, akakitazama, akamwita mwenzake. Mwenzake naye akakitazama. Wakanong'onezana. Mke wangu kalala pale anasoma nyuso zao, hakuna anayemwambia neno. Ilipita kama saa nzima ndipo daktari akaja, akasimama mlangoni, akasema mtoto ana dalili za Down na kwamba "hawa huwa hawaendi mbali", akaondoka. Hakuna aliyetuambia moyo upimwe. Hakuna aliyetuambia kwa nini ananyonya kidogo tu kisha anachoka. Mtu wa kwanza kutuuliza mtoto anaitwa nani alikuwa mama aliyekuja kupiga deki wodini. Tulikuwa hatujampa jina. Tulimpa jioni ile ile.

Kisha tukamficha, miezi minane. Wageni wakija, mtoto "amelala". Kwenye picha za familia za mwaka ule hayumo, na hilo hadi leo likinijia nashindwa kula.

Aliyekomesha ni mama yangu mzazi. Alifika siku moja, akamchukua mjukuu wake, akatoka naye nje mchana kweupe, akakaa naye mlangoni mpaka jua likazama. Kila aliyepita akisalimia, anaitikia, kisha anasema, "Huyu ni mjukuu wangu," na anataja jina lake. Siku tatu mfululizo. Hakueleza habari za kromosomu hata moja. Siku ya nne watoto wa jirani walikuja wenyewe kumwita kwa jina wacheze naye. Elimu yote tuliyotoa baadaye imejengwa juu ya siku zile tatu: mtu hawezi kumzoea mtoto ambaye hajawahi kumwona.

Lakini mtoto akishaonekana, maswali yanakuja, na la kwanza daima ni "kimesababishwa na nini?" Usipolijibu, watu wanajijibu wenyewe: laana, mama alimcheka mlemavu, mama alitumia vidonge vya uzazi wa mpango, baba alikosea mahali. Ukitazama, karibu majibu yote hayo yanamwangukia mama.

Hapo ndipo binti yetu alipobuni mambo ya vifungo. Ana kopo la vifungo vya nguo. Anavimwaga mezani na kuvipanga jozi jozi, jozi 23. Anaeleza kwamba karibu kila seli ya mwili wa mtu ina kromosomu 46, yaani nyuzi ndogo zinazobeba maelekezo ya mwili, nusu zimetoka kwa mama na nusu kwa baba. Kisha anafika jozi ya 21, anaongeza kifungo kimoja. Sasa viko vitatu, jumla 47. Anasema, "Mdogo wangu ana hiki." Mara nyingi hutokea pale yai linapotengenezwa, au mbegu ya baba: jozi iliyotakiwa kuachana haikuachana, zikaenda zote mbili upande mmoja. Hakuna chakula kinachosababisha wala kazi nzito, wala ugomvi wa wakati wa ujauzito. Wala hauambukizi.

Kuna mzee mmoja alisogea mezani watu walipokuwa wanatawanyika, akakiokota kile kifungo cha ziada, akakishika kati ya vidole viwili.

"Hiki tu?"

"Hiki tu, babu," binti akamjibu.

Akakaa nacho muda. Kisha akasema alikuwa na dada yake, alikulia chumba cha ndani na akafia humo humo, na mama yao alikufa akiamini ni kosa lake. Alipoondoka tulivihesabu vifungo, kimoja hakikuwepo. Binti alitaka kumfuata, bibi yake akamzuia.

Nimeacha kuwalaumu wanaokisia. John Langdon Down, daktari wa Uingereza ambaye hali hii imepewa jina lake, aliieleza mwaka 1866. Uthibitisho kwamba chanzo ni kromosomu ya ziada ulitoka mwaka 1959, Ufaransa, kwa kazi ya Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin. Kwa miaka 93 hata madaktari walikuwa wakibahatisha, tena kwa jina baya, "mongolism", lililolitukana taifa zima la Mongolia, mpaka Mongolia yenyewe ikaliomba Shirika la Afya Duniani liliache mwaka 1965. Jirani yangu ambaye hajawahi kuelezwa chochote nitamkasirikiaje?

Yaliyotushinda: mabango yenye maneno marefu hakuna aliyeyasoma. Matembezi ya tarehe 21 Machi tunayapenda. Ndiyo Siku ya Sindromu ya Down Duniani, inayoadhimishwa na Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2012, na tarehe yenyewe imechaguliwa kwa sababu ni nakala 3 za kromosomu ya 21. Tunavaa soksi zisizofanana kama wenzetu kote duniani. Ila watu wanapiga makofi, wanarudi nyumbani, na tarehe 22 mtoto anaitwa yale majina yale yale.

Kilichofaa kuliko vyote ni glavu. Shuleni tunawapa watoto glavu nene za kazi wavae, halafu tunawaambia wafunge vifungo vya shati. Wanacheka, kisha wanakasirika, kisha mmoja analitupa shati. Hapo mke wangu anawaambia kwamba misuli ya mwanetu ililegea tangu kuzaliwa, ndiyo maana aliketi akiwa amechelewa, akatembea akiwa na miaka miwili na nusu, na vile vifungo alivipigania miezi kumi na moja. Baada ya hapo hakuna anayeuliza kama ni mvivu.

Nimeandika mengi. Karibuni kwa maswali, hata yale mnayoona aibu kuuliza.

#2 – Mchangiaji

Pole sana mkuu kwa mtihani huu. Mungu awape nguvu. Mimi nilijua hao watoto mataahira huwa hawafiki miaka ishirini, kumbe nilikosea?

#3 – Mleta uzi

Asante kaka kwa kuuliza. Nikuombe mambo mawili. Hilo neno tuliache, mwanangu analielewa likitamkwa na akilisikia huinamisha kichwa. Sema tu mtoto mwenye sindromu ya Down. Na "pole" waambie wale walionong'onezana wodini, mimi nipe hongera, nina mtoto.

Kuhusu miaka, ulichosikia kiliwahi kuwa karibu na kweli. Marekani mwaka 1983 wastani wa umri wao ulikuwa kama miaka 25. Leo ni karibu 60. Kromosomu ni ile ile, waliobadilika ni sisi. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo. Zamani haikuwa inafanyiwa upasuaji, na wengi walifungiwa kwenye majumba ya kuwatunza walikokufa kwa maradhi yanayotibika. Yule daktari wa mlangoni alikuwa anatupa habari za miaka ya nyuma.

Mwaka 2020 kijana wa Marekani mwenye sindromu ya Down, Chris Nikic, alimaliza mashindano ya Ironman: kuogelea karibu kilomita 4, baiskeli 180, kisha kukimbia 42. Mwaka 2023 Mar Galcerán, naye ana hali hii, aliingia katika bunge la jimbo la Valencia, Hispania. Nawataja kwa sababu umeuliza, lakini sipendi mtoto yeyote apimwe kwa hao. Wangu amefunga shati, na mimi nilitoka nje nikalia.

#4 – Mchangiaji

Naomba kutofautiana na mleta uzi, kwa heshima. Nia ni njema lakini mnamzungusha mtoto kama maonyesho. Nani alimwomba ruhusa? Akifika miaka 20 akakuuliza kwa nini watu asiowajua wanajua habari za mwili wake, utamjibu nini?

#5 – Mleta uzi

Umegusa panapouma na nashukuru umepagusa.

Alipokuwa na miaka 7 tulikuwa kwenye ukumbi mmoja. Mtu mzima, mwenye kuheshimika, akasema mtoto afungue mdomo watu wauone ulimi. Kabla sijajibu mwanangu alishaingia chini ya meza. Alishika mguu wa meza kwa mikono yote miwili, na sisi tukawa tunambembeleza atoke, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea! Dada yake ndiye aliyeingia chini ya meza akakaa naye. Tulifunga mazungumzo, tukarudi nyumbani, na miezi mitano hatukwenda popote.

Usiku ule mke wangu alisema jambo ambalo sijalisahau: kumficha na kumwanika ni kosa moja, kote huko hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Tuliporudi kazini tulirudi kivingine. Asubuhi ya safari tunamwekea picha mbili mezani, moja ya gari na moja ya nyumba. Anachagua. Akigusa nyumba, anabaki na bibi, na sisi tunakwenda na vifungo vyetu. Mwaka jana alikuja mara chache kuliko alizobaki. Hakuna anayemshika bila yeye kukubali. Hatusimulii habari zake za chooni wala za hospitali, na hapa pia msiziulize. Akija, ana kazi yake: anagawa vifungo, kimoja kimoja, anamtazama kila mtu usoni anapompa. Akimaliza anatoka nje kucheza.

Je, inatosha? Sijui atanijibu nini akiwa na miaka 20. Najua kwamba wale wanaosema "tusiwaanike" wengine wanamaanisha "tusiwaone", ingawa wewe nahisi si mmoja wao.

#6 – Mkunga

Nimesoma #1 nikanyamaza kwa muda. Nami nimewahi kunong'ona. Tulifundishwa dalili: macho yanayopanda kidogo pembeni, shingo fupi, mstari mmoja wa kiganja, nafasi kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata, mwili kulegea. Hatukufundishwa namna ya kuzungumza.

Siku hizi nafanya hivi. Nawangoja wazazi wote wawili kama wapo. Naketi, sisimami. Mtoto anakuwa mikononi mwa mama, si kitandani. Naanza na hongera, nauliza jina. Kisha nasema ninachokiona, kwamba ninahisi, na kwamba kipimo cha damu cha kuhesabu kromosomu ndicho kitakachothibitisha, kwa sababu wapo watu wengi tu wenye mstari mmoja kiganjani na hawana lolote. Halafu siondoki. Maswali huja baada ya dakika kumi, si mara moja.

Mleta uzi, mngekuja kuzungumza na wanafunzi wa ukunga kabla hawajaingia wodini ingekuwa na faida kuliko mazungumzo kumi ya mtaani.

#7 – Mleta uzi

Dada mkunga, hilo la wanafunzi hatukuwa tumeliwaza. Nitakuandikia pembeni. Na asante kwa kusema "nami nimewahi".

#8 – Mwalimu

Nimeletewa mmoja darasani muhula huu, miaka 8. Darasa ni kubwa. Nataka asome na wenzake, si kukaa tu. Nianze wapi?

#9 – Mleta uzi

Mwalimu, mke wangu ananiamuru cha kuandika hapa.

Kwanza ulizia kama masikio na macho yamepimwa. Wengi wao husikia kwa shida, mara nyingi kwa maji yanayokusanyika nyuma ya kiwambo cha sikio, kisha anaitwa mkaidi kumbe hasikii. Mweke mbele. Wanashika zaidi kwa kuona kuliko kwa kusikia, kwa hiyo picha, ishara za mikono, neno zima lililoandikwa kubwa. Wetu alisoma neno "dada" kabla hajaweza kulitamka vizuri.

Agizo moja kwa wakati. Ukishauliza swali, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujamsaidia. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Wanafunzi wenzake watataka kumjibia kwa upendo, wazuie.

Mpe pia kazi ya kweli darasani. Kubeba rejista, kufuta ubao. Asiwe mgeni wa heshima.

#10 – Mgeni jukwaani

Samahani, sijawahi kuandika humu. Nina miaka 24. Mtoto wangu ana wiki tatu, kipimo kimerudi jana, ni hii hii. Upande wa mume wanasema kwao hakuna kitu kama hicho, kwa hiyo mtoto si wao. Kila mtu anasema Down ni ya wanaozaa uzeeni, mbona mimi? Nikitoka namfunika uso kwa kitambaa. Ananyonya dakika chache kisha anatoka jasho kichwani na kupumua haraka, analala kabla hajashiba. Ni kawaida yao?

#11 – Mleta uzi

Mdogo wangu, karibu. Hongera kwa mtoto.

Naanza na la mwisho kwa sababu haliwezi kungoja. Kuchoka kunyonya kunaweza kuwa ni misuli kulegea tu, lakini kuchoka pamoja na jasho na kupumua haraka kunaweza kuwa moyo. Nenda hospitali leo, usingoje tarehe ya kliniki. Waambie maneno yale yale uliyoandika hapa, na omba kipimo cha moyo cha picha za mawimbi ya sauti. Kila mtoto mwenye sindromu ya Down anapaswa kufanyiwa hata kama daktari hasikii kitu kwa chombo cha kifuani, maana tundu kubwa la moyo wakati mwingine halina sauti wiki za mwanzo. Ukiona midomo au ulimi unageuka bluu, hiyo ni dharura ya dakika hiyo hiyo. Ukiwa huko uliza pia kama tezi ya shingo imepimwa kwa damu.

Umri: uwezekano unapanda kweli. Mama wa miaka 25 ni kama 1 kati ya 1,200, wa miaka 35 kama 1 kati ya 350, wa miaka 40 kama 1 kati ya 100. Lakini wanaozaa zaidi ni vijana, kwa hiyo wengi wa watoto hawa mama zao wako chini ya miaka 35. Mke wangu alikuwa na 26. Hujakosea kitu.

Na la ukoo: katika watoto kama 99 kati ya 100 hali hii haikurithiwa, inatokea yenyewe katika familia yoyote. Aina inayoweza kutoka kwa mzazi ni chache, na karatasi ya majibu ya kromosomu inaonyesha ni aina gani. Mwombe daktari amsomee mumeo karatasi hiyo mbele yako. Maneno yako watayabishia, ya daktari huenda wakayasikiliza. Si haki, lakini kwa leo itumie.

#12 – Mkunga

Naongeza: mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, mwili wake ukiwa umeinuka, na kidevu ukikishikilia kwa kidole. Akichoka, kamua umpe kwa kikombe. Usimlazimishe. Lakini kwanza hospitali.

#13 – Mgeni jukwaani

Nimerudi, siku nne zimepita. Siku ile ile nilienda. Daktari amesikia kitu moyoni, ametupa dawa ya kupunguza maji na kipimo cha picha ni kesho asubuhi. Mume alikuja. Alisomewa karatasi, hakusema kitu, ila njiani kurudi alimbeba yeye. Joto lilikuwa kali akakitoa kile kitambaa, nami nikakiacha kwenye mfuko.

Naogopa kesho. Kinauma? Nimlaze njaa?

#14 – Mleta uzi

Hakiumi. Wanampaka kitu kama mafuta mepesi kifuani, baridi kidogo, kisha wanapitisha kifaa juu yake na picha inaonekana kwenye skrini. Inaweza kuchukua dakika 20 au saa nzima. Kama hawakukuambia watampa dawa ya usingizi, usimlaze njaa, mnyonyeshe kabla hamjaingia ili atulie.

Mvalishe nguo inayofunguka mbele. Beba daftari. Mmoja ambebe mtoto na mwingine aandike, maana majina ya matundu ya moyo ni marefu na mkitoka mlangoni hamtayakumbuka. Muulizeni daktari maswali matatu: tundu liko wapi, litahitaji upasuaji au linaweza kujiziba, na mtoto anatakiwa awe na uzito gani kabla ya upasuaji.

Ukitoka tuandikie, hata kama ni usiku.